Nitue, Mtani

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu nyamaza unisikilize. Wenzako wamenicheka sana kabla yako. Marehemu mume wangu alinicheka miaka yote ya ndoa yetu, na alikuwa mtu mwema. Mimi si wale wanaoona jini kwenye kila kichaka. Ni Mzaramo wa Kisarawe, nimekula chumvi nyingi, nimeitumikia serikali mpaka nikastaafu, na pombe sijawahi kuionja. Hili ninalokusimulia nililiona kwa macho haya haya, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, na sufuria ya wali ikiwa motoni mbele yangu. Wali wenyewe uliungua. Niambie, nani anaota ndoto huku anasikia harufu ya wali unaoungua?

Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, operesheni imepamba moto. Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi, nikapangiwa kazi ya bibi maendeleo katika kijiji kipya upande wa Kigwa, kando ya ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Jina la kijiji sitalitaja, maana wajukuu wa watu wale wapo hai. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kina mama uji wa watoto, usafi na uchimbaji wa vyoo, na zaidi ya yote kuwashawishi waliobaki kwenye makazi yao ya zamani wahamie kijijini kwa hiari. Kwa hiari, ndivyo tulivyoambiwa tuseme.

Nilishuka kwenye gari moshi na sanduku langu la bati, na kabla sijapangusa vumbi Wanyamwezi wakanianza. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Kapela, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniita mama kwa Kinyamwezi, akasema, "Mayu, umekuja kutufundisha kula, au umekuja kula chetu?"

"Nimekuja kuwafundisha kula kitu kisichokuwa michembe," nikamjibu. "Maana nasikia hapa viazi mnavikausha mpaka vinasahau kwamba vilikuwa viazi."

Watu waliangua kicheko, na tangu dakika ile nikawa wao. Kama hujui, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani wetu ulizaliwa kwenye misafara, babu zao wakibeba mizigo mpaka kwetu, babu zetu wakiwapokea na kuwasimanga. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo nawe usinune. Anaweza kumkamata kuku wako akaondoka naye. Lakini utani si mdomo mtupu, una kazi yake, na kazi hiyo ni msiba. Ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi. Yeye ndiye anayemuigiza marehemu, akatembea kama yeye na kukohoa kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao mashavuni. Na mtani hana ruhusa ya kukataa kuzika.

Nyumba za watumishi zilikuwa bado hazijaezekwa, kwa hiyo Mzee Kapela akaniweka Tembe Kubwa.

Hebu nikueleze nyumba hiyo. Ilijengwa na tajiri mmoja Mwarabu, mfanyabiashara wa pembe na nguo, enzi za misafara. Kuta zake za udongo zilikuwa nene kiasi kwamba ukikaa dirishani unaweka na mto wa kulalia. Ndani kulikuwa na ua, vyumba vimeuzunguka, na mbele kulikuwa na mlango wa nakshi uliotoka Unguja vipande vipande mabegani mwa watu. Nje kulikuwa na mitende ambayo hakuna aliyekumbuka imepandwa lini. Misafara ilipumzika pale, watu wakaoga na kuvaa vizuri, kabla ya kuingia Tabora mjini kwa ngoma na milio ya bunduki.

Na nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Mpagazi haruhusiwi kujitua. Anasimama na mzigo wake mbele ya mlango mpaka tajiri atoke, autazame, amwamuru nyapara amtue. Anayejitua mwenyewe kaidharau nyumba. Wazee waliniambia kuna siku watu walisimama tangu adhuhuri mpaka kivuli cha mitende kikavuka barabara, tajiri kalala usingizi wa mchana.

Baadaye Wajerumani waliifanya kambi ya askari. Baada ya vita akaja Mwingereza mmoja wa tumbaku akalichukua shamba lote na nyumba yake. Aliondoa udongo wa juu akaezeka mabati, akapasua madirisha, akajenga jiko la mkaa. Bendera ya uhuru ilipopanda akauza ng'ombe akaenda zake. Kila aliyeingia alibadilisha kitu. Ila ukuta wa nyuma wa stoo hakuna aliyeugusa. Si kwamba waliuogopa. Ulikuwa ukuta tu, hauna sababu ya kuguswa. Sasa kijiji kilitaka kuifanya nyumba ile ghala, na mimi nililala humo peke yangu na popo, wala sikuogopa kitu.

Katika wote waliogoma kuhama, aliyenishinda ni Bi Nyamizi. Alikuwa bibi kizee, mgongo umepinda, akiishi peke yake ng'ambo ya mbuga. Ukisimama kizingitini pake unaliona paa la Tembe Kubwa likimeremeta. Kila nilipokwenda kwake mambo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa tena, Mzaramo?"

"Nimetumwa."

"Kaa chini. Kula kwanza, ndiyo nikukatalie."

Sikuwahi kumwona akicheka. Ananitania vizuri, ulimi mkali kuliko wangu, lakini uso haumlegei. Siku moja nilimuuliza wazi kwa nini anakataa, kijijini kuna kisima, kuna zahanati inajengwa, huku ana nini? Akaacha kumenya karanga.

"Baba yangu alikwenda pwani na msafara wa yule Mwarabu mwenye tembe unalolala," alisema. "Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mwarabu akasema katoroka na mzigo njiani, ni mtoro, ni mwizi. Mama akakataa. Akasema mume wangu hajawahi kuacha hata mpini wa mtu njiani, sembuse mzigo. Siku zile mke wa mpagazi alikuwa na miiko yake, mjukuu wangu. Hahami, hanyoi nywele, mpaka mume arudi au habari ya kifo ije. Mama alizikwa na nywele zake. Mimi nimeitwa binti wa mtoro tangu naota meno. Hata mume wangu, siku tukigombana, aliniita hivyo. Sasa nikihama, si nimekubali? Na siku akija, atamkuta nani?"

Nilitaka kumwambia, bibi, yule hata kama alikuwa hai angekuwa keshakufa kwa uzee. Sikuweza. Ungekuwa wewe ungeweza?

Nilirudi kwa Mzee Kapela nikamweleza. Akashika kichwa. "Mayu, lori linakuja wiki hii. Wale mgambo si wa hapa, hawajui mambo ya baba wala babu. Watang'oa paa na yeye akiwa ndani. Mshawishi. Nakuomba, si utani huu." Kwa hiyo uelewe lililokuwepo. Bibi yule alikuwa anakaribia kuburutwa nje ya nyumba aliyoilinda maisha yake yote, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfanya atoke kwa miguu yake.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa uani kwangu. Mvua ilikuwa imefunga upande wa Tabora, anga limekuwa jeusi mapema, lakini huku kwetu mwanga ulikuwepo bado, ule wa njano unaofanya vitu vyote vionekane karibu. Mlango wa nakshi niliuacha wazi kwa sababu ya moshi. Nikasikia, "Hodi."

Niligeuka nikaona mwanamume amesimama kizingitini. Si mzee, si kijana. Kifua wazi, kitambaa kiunoni, na bega la kushoto limebeba mzigo mrefu uliofungwa kwa mkeka. Kichwa kimelala kulia kuupisha mzigo. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaohamia kijijini na vitanda vyao mabegani, maana wiki zile njia zilijaa watu wa namna hiyo.

"Karibu," nikasema.

Hakuingia. "Nitue, mtani," alisema.

"Nani kakwambia mimi mtani wako?"

"Nyie watu wa pwani mkisema neno moja tu mnajulikana. Mnaongea kama mnapepeta mchele."

Jamani, mimi na utani! Nilisahau uchovu wote. Nilisimama na mwiko mkononi, mkono mwingine kiunoni. "Mnyamwezi gani anayechoka mzigo? Nyinyi mzigo ndiye mke wenu. Simama naye hapo hapo mzoeane."

Akacheka. Nataka ukishike kicheko hicho. Hakikuanza na sauti. Yalianza mabega kutikisika, kisha akainua mkono wa kulia akaziba mdomo kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayefuta uji, ndipo sauti ikatoka puani, kh, kh, kh, na mwisho akaguna kidogo kama aliyejionea aibu. Kilikuwa kicheko kizuri. Nilimpenda palepale, nakwambia ukweli.

"Nitue, mtani," alisema tena. "Tangu nimefika hapa hakuna aliyenitua."

"Basi kufa nao," nikamwambia. "Ukifa nitakuja kukuzika mwenyewe, wewe na mkeka wako. Na wali wa matanga yako nitaula peke yangu."

Hayo ni maneno ya kawaida kabisa kati yetu. Siku hiyo pekee nilikuwa nimeshawaambia watu wengi hivyo hivyo, akiwemo mke wa Mzee Kapela. Lakini yule mtu aliacha kucheka.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema."

"Basi njoo nikuonyeshe."

Alivuka kizingiti akaja kwa hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa kidogo, mwendo wa mtu aliyezoea kwenda mbali. Alinipita karibu sana. Ule mkeka uliniparuza shavuni, na ulikuwa wa baridi, baridi ya chungu kilicholala na maji. Nilichukua koroboi nikamfuata kwa hasira, nikifikiri huyu Mnyamwezi sasa anavuka mipaka, anaingia vyumbani kwa mwanamke bila ruhusa. Alipita ukumbini, akaingia stoo. Nilipofika mlangoni mwa stoo alikuwa amesimama kwenye ukuta wa nyuma, uso umeelekea udongo, mzigo begani, kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

"Hapa," alisema. Kisha hapakuwa na mtu.

Niamini. Sikupepesa macho. Hakufifia, hakugeuka moshi, hayo ni ya kwenye hadithi. Alikuwepo, halafu ukawepo ukuta. Koroboi halikuzimika. Miguu yangu ilikataa kwenda, nikabaki nimesimama nikinusa wali unaungua uani, na nilichokuwa nikiwaza, Mungu wangu, ni kwamba nitapika tena na nini.

Miguu iliporudi nilikwenda nayo mbio mpaka kwa Mzee Kapela. Walikuwa wanakula. Nilieleza yote, na unajua walifanya nini? Walicheka. Walicheka mpaka mke wa Mzee Kapela akapaliwa. "Mzaramo kamtania mzimu!" Nililia, wakacheka zaidi, wakasema ninaigiza vizuri sana. Wiki zote zile nilikuwa nimewadanganya, nimewazushia, nimejifanya mgonjwa ili nipewe kuku. Sasa nani atamwamini mtani siku anayosema kweli? Walinipa pa kulala kwa sababu nilikataa kurudi, na hilo nalo walilihesabu utani.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa na habari. Ilikwenda kisimani, ikavuka mbuga. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya Tembe Kubwa pamoja na Mzee Kapela, ninajipa moyo wa kuingia kuchukua sanduku langu, tulipomwona Bi Nyamizi anakuja. Hakuwahi kukanyaga pale tangu azaliwe. Alikuja taratibu, akijikongoja kwa mpini wa jembe.

Hakunisalimu. "Alibebea bega lipi?" akauliza.

"La kushoto, bibi."

"Una hakika?"

"Kichwa kililala kulia."

"Mama alisema la kulia liliteguka mtoni, siku alipoanguka na pembe. Hakulitumia tena. Jambo hilo sijamwambia mtu yeyote wa hapa." Kisha akanitazama. "Na wewe ulimwambia nini?"

Niliona aibu. "Nilimwambia nitamzika."

"Umemwambia kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

"Basi twende," alisema, akanikabidhi jembe. "Mtani hasemi ovyo."

Mzee Kapela aliacha kutabasamu. Aliita vijana wawili wenye sururu, na wale waliokuja kucheka wakaja nyuma yetu. Mimi ndiye niliyepiga jembe la kwanza kwenye ukuta ule, kwa sababu bibi alisema lazima iwe mimi. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, wa ndani ukawa unamomonyoka wenyewe. Hapakuwa na ukuta nyuma yake. Palikuwa na kijichumba chembamba, mtu akikaa magoti yanagusa upande wa pili.

Alikuwa amekaa. Mifupa mikavu, imeegemea pembeni, na juu yake, begani kushoto, bado robota la nguo limemlalia, mkeka umeoza, marikani, ile nguo nyeupe ya biashara, imekuwa kama majivu yaliyokunjwa. Hakuutua. Hata mle ndani, gizani, peke yake, hakuutua mzigo wa watu. Watu walitoka nje mmoja mmoja. Mzee Kapela alivua kofia.

Kwa nini alifanyiwa vile? Sikuwepo, na waliokuwepo hawapo. Wazee walikumbuka kusikia kwamba msafara wa mwaka ule ulirudi na ndui. Mtu aliyefika na joto mwilini hakutakiwa karibu na tajiri wala watumwa wake, na kitu alichokigusa hakikutakiwa. Labda homa ilimbakiza nyuma, akafika peke yake wenzake wakiwa wameshatawanyika. Labda alifungiwa akiwa anakufa. Labda hakuwa anakufa. Yule tajiri akatoka nje akawaambia ndugu wa mpagazi kwamba mtu wao ni mwizi, akaendelea kuishi kwenye nyumba hiyo hiyo na kula humo. Ninapolifikiria jambo hili mpaka leo natetemeka kwa hasira, si kwa woga.

Bi Nyamizi hakulia. Alipiga magoti penye tundu la ukuta akasema, "Mtani, mtue."

Tuliingiza mikono, yeye na mimi, tukainua kile kilichobaki cha mzigo. Nilitegemea kitakuwa chepesi kama vumbi. Hapana. Kilikuwa kizito, uzito wa nguo mpya iliyotoka dukani, na kilitulemea mpaka kilipogusa sakafu. Uzito ule sijui ulikotoka. Kilipogusa sakafu kilitawanyika, hapakuwa na kitu mle isipokuwa nyuzi.

Tulimpeleka kwake, ng'ambo ya mbuga, nyumbani kwa binti yake. Kaburi lilichimbwa ubavuni mwa nyumba, na nilichimba mimi mpaka viganja vikavimba, nikiwatukana Wanyamwezi wote kwamba ni wazito wa kurudi nyumbani, kama inavyotakiwa. Lakini ulikuwa msiba wa baridi. Watu walikaa, wanatazamana. Utamlilia vipi mtu ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona? Hata Bi Nyamizi alikaa kwenye mkeka wake kama mgeni, mikono mapajani, hajui afanye nini na baba asiyemjua.

Mzee Kapela akanisogelea. "Mtani, kazi yako bado. Fanya chochote. Jikwae, anguka, watu wachekeshwe kidogo tumalize." Hakufikiri zaidi ya hapo. Alitaka tu mchezo wa kawaida, maana marehemu wa kuigiza hakuwa na mwendo unaojulikana.

Lakini mimi nilikuwa ninaujua.

Nilikunja mkeka, nikauweka bega la kushoto, nikaenda mpaka penye njia. Kisha nikarudi kuelekea nyumbani. Hatua fupi, za haraka, magoti yamekunjwa, kichwa kimelala kulia. Nikasimama mbele ya kizingiti chake, nikasema, "Hodi. Nitue, mtani." Watu walianza kucheka kidogo. Nikainua mkono wa kulia. Mabega kwanza, kisha mgongo wa kiganja mdomoni, kh, kh, kh, na ile aibu ya mwishoni.

Kicheko cha watu kilikatika. Hawakuwa wananitazama mimi tena, walikuwa wanamtazama Bi Nyamizi.

Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliinua mkono wa kulia, akaziba mdomo kwa mgongo wa kiganja, na sauti ikatoka puani, kh, kh, kh. Kilikuwa kicheko kile kile. Baba yake aliondoka yeye akiwa mgongoni mwa mama, hakuna aliyemfundisha, na jirani zake wa miaka yote waliapa kwamba walikuwa wamesahau kama bibi yule huwa anacheka. Machozi yalimtoka yakapita juu ya kile kiganja.

"Alikuwa hivyo?" aliniuliza.

"Hivyo hivyo, bibi."

"Alikuwa mcheshi?"

"Alinishinda hata mimi."

"Rudia," alisema. "Njoo tena kutoka njiani."

Nilirudia. Nilikwenda njiani nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka bega likaniuma na jua likashuka, na hakuna aliyethubutu kusema inatosha. Kila nilipofika kizingitini alicheka na kulia kwa pamoja, na mara ya mwisho aliinuka mwenyewe, akanishika mkeka kwa mikono yake miwili, akanitua. "Karibu nyumbani, baba," alisema.

Lori lilikuja kesho yake. Mgambo waliruka chini wakiwa tayari kwa vurugu, wakamkuta bibi amekaa nje, kifurushi chake pembeni. "Nichukueni," aliwaambia. "Sasa mwenye nyumba yupo." Aliwapa mkono wampandishe. Hawakuelewa kitu. Waling'oa paa kabla hata lori halijaondoka, ndivyo walivyoamriwa, ili watu wasirudi. Yeye hakugeuka kutazama. Nilitazama mimi kwa niaba yake, na ninakuambia ni heri nisingetazama. Yule mtu alisubiri maisha ya watu wawili ili afike kwake, na nyumba yake aliipata kwa usiku mmoja.

Bi Nyamizi hakumaliza mwaka kijijini. Alikufa kwa utulivu, mchana, akiwa anamenya karanga, na ni mimi niliyemzika. Hakuna aliyemwita binti wa mtoro tena, hilo alilipata. Tembe Kubwa halikuwa ghala. Watu waliogopa kuweka chakula humo, mabati yakachukuliwa moja moja, na nyumba ya udongo ikikosa paa, mvua haiulizi ilijengwa na tajiri gani. Siku hizi ni kichuguu na mitende.

Mimi nimebaki na kitu kimoja. Kicheko changu cha usichana kilipotea kaburini pale. Nikichekeshwa kweli kweli, mabega ndiyo yanaanza, kisha mkono wa kulia unapanda wenyewe, mgongo wa kiganja mdomoni. Wanangu wamekua wakidhani mama yao anacheka hivyo tangu kuzaliwa. Nimejaribu kuuzuia mkono, nimeukalia, haukubali. Na miaka ya karibuni nimemwona mjukuu wangu wa kike, aliyezaliwa Dar es Salaam, asiyejua Kigwa iko wapi, anacheka vile vile. Labda ameniiga. Naomba iwe ameniiga.

Basi wewe mwenye watani, endelea kuwatania, dunia bila utani haikaliki. Lakini mtu akisimama mlangoni kwako na mzigo begani, hata kama humjui, hata kama una neno tamu ulimini linakuwasha, usianze na neno. Mtue kwanza.